Kuku Aliyeambiwa Anyamaze

Tangu nirudi, kila nikiingia chumba cha walimu mnanizungushia viti na maswali ni yale yale: mlifikaje, askari hawakuchukua pikipiki, na ni kweli mama mkwe wako alisafiri hadi Beni akizungumza na kuku? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kengele inalia kabla sijashuka mteremko wa Kabasha. Donc nimekaa, nimeandika. Mkitaka kucheka, chekeni mara moja, halafu tusahihishe madaftari.

Mambo ya karatasi za njia na mihuri nayaruka. Mnayajua, yanachosha hata kuyakumbuka.

Kipese: kitabu kimesema

Mwenzetu aliyetumwa juzi kutoka Kasai hajui desturi ya hapa, kwa hiyo kwanza namweleza yeye. Mimi ni mtu wa Maniema. Serikali ilinituma huku kufundisha fizikia, uasi ukafunga njia, mishahara ikasahau anwani yetu, mimi nikabaki na nikamwoa Kahindo. Nilipomwoa yeye nilioa na desturi za kwao. Mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawaangaliani usoni, hawali chakula mbele ya mwenzake, na jina lake mimi silitamki. Wakikutana njiani, mama anavuta kitenge kichwani, anageukia mgomba mpaka mkwe apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mimi nilipoizoea niliipenda.

Sasa mama mkwe wangu jicho moja lilikufa zamani. La pili likaingia ukungu polepole, mpaka mwaka huu akawa anaona mwanga na vivuli tu. Siku moja sokoni nilipita mbele yake, hatua mbili tu, na hakugeuka. Wanawake wakacheka. Alipoambiwa aliyepita ni nani, aliketi chini kando ya viazi vyake akalia. Toka siku ile hakutoka nyumbani mwake. Kwetu hakukanyaga tena, kwa kuogopa kunikuta amenielekezea uso bila kujua. Mtoto wetu Neema alikuwa na miezi saba, na bibi yake, anayekaa ng'ambo ya bonde, alikuwa hajamlea hata siku moja.

Ndipo ikaja habari ya daktari wa macho. Yuko Beni kwa juma moja, anapasua, kisha ndege inamchukua. Jina la mama liliandikwa kwa njia ya parokia. Majina yangeitwa Alhamisi asubuhi, na asiyeitika anafutwa, maana watu ni wengi na daktari ni mmoja. Malori yalikuwa hayatembei, kila mwenye lori alikuwa ameficha funguo kwa kuwaogopa askari. Kilichobaki ni pikipiki ya parokia, na katika Kipese mwenye kujua kuiendesha nilikuwa mimi tu.

Pikipiki ina kiti kimoja. Fikirieni wenyewe.

Kahindo ndiye aliyetengeneza mpango. Kati yangu na mama aliweka mfuko wa unga wa ngano, umesimama wima, umefungwa kwa kamba. Mama angeshika mfuko na chuma cha nyuma. Mapajani mwake, ndani ya kitunga, kuku mwekundu wa zawadi kwa dada yake wa Bungulu, kule Beni.

"Na akitaka kusema kitu?" nikauliza. "Nisimamishe? Anaumwa? Anataka kwenda msalani?"

"Ataongea na kuku," Kahindo akasema. "Na weye utajibu kuku. Kintu gani iko ngumu hapo?"

Bon. Upande wangu nilishughulikia mipira ya magurudumu. Mnajua ninayo manometri, kile kipimo cha upepo cha maabara, kitu pekee ambacho waporaji wa shule walikiangusha chini badala ya kukibeba. Kitabu cha pikipiki, kilichoandikwa kwa Kifaransa kizuri, kinasema: mtu mmoja, mpira wa nyuma kilo mbili za upepo, watu wawili na mzigo, kilo mbili na nusu. Nikapiga pompi, nikapima, nikaongeza, nikapima. Mshale ukasimama juu ya mbili na nusu sawasawa. Nilijisikia vizuri sana. Baba Kasereka, jirani yangu, alibonyeza mpira kwa kidole gumba akasema, "Mwalimu, hii ni jiwe." Nikamwambia kidole si chombo cha kupimia.

Kipese hadi Musienene: kunatwangwa sombe

Tuliondoka Jumatatu, baridi ya kule juu bado imelala barabarani. Mpaka Lubero mvua ya usiku ilikuwa imeosha udongo wote ikaacha mawe, na kila jiwe lilipanda kutoka kwenye mpira likapita kwenye uti wangu wa mgongo likatoka kwa meno. Hatukuwa tumefika mbali niliposikia nyuma yangu, sauti ya utulivu kabisa:

"Kuku, mwenye pikipiki anatutwanga kama majani ya sombe. Umwambie mupira iko ngumu sana."

Nilisimama. Nilipima. Kilo mbili na nusu. Nikasema, nikiangalia mbele kama desturi inavyotaka, "Kuku, umwambie mama mupira iko sawa na kitabu."

"Kuku," akasema mama, "kitabu hakikukaa huku nyuma."

Tukaendelea. Kwenye mlima wa pili gurudumu la nyuma liliruka likatua pembeni, mfuko wa unga ukanisukuma juu ya tangi, kitunga kikalia. "Kuku, utaniambia kama niko bado na mifupa." Kwenye daraja la miti likaruka tena. "Kuku, ile mupira ingekuwa tumbo ya mutu, tungesema ameshiba kupita."

Hapo moto ukanipanda. Nimechoka, mikono imekufa ganzi, na nina miaka ya kusoma presha na ujazo, halafu ninafundishwa na kitunga. Nikasema kwa nguvu, na kila mtu aliyekuwa anapita akasikia:

"Kuku, nyamaza. Mwenye pikipiki amesoma."

Kuku akanyamaza. Mama pia akanyamaza. Hakusema neno tena mpaka Musienene, na mimi, mpumbavu, nikaona nimeshinda.

Musienene mvua ilitukuta, tukaomba malazi kwa katekista mmoja mzee. Alitupokea vizuri, akatuletea maharagwe na viazi na chai ya moto. Lakini alituona jinsi tulivyo: mwanaume ameketi huku, mwanamke amejifunika kitenge hadi puani ameketi kule, amegeukia ukuta, hakuna anayemsemesha mwenzake. Akavuta kiti karibu na mimi, akakohoa.

"Mutoto yangu," akasema, "ndoa ni kuvumiliana. Hata mimi na mama ya hapa tulishapitisha juma nzima bila kuongea. Jua isishuke na hasira. Nimewatayarishia chumba moja."

Nilitaka kufa pale pale juu ya kigoda. Kwenye ukuta, kitenge kikaanza kutikisika. Mama alikuwa anacheka, anacheka mpaka kitunga kinatikisika nacho. Nilipomweleza katekista huyo ni nani kwangu, alishika kichwa chake kwa mikono miwili akatoka nje kwenye mvua, na chakula kilichobaki aliniletea mke wake.

Ningeweza kukitumia kicheko kile kuomba radhi. Mlango ulikuwa wazi. Sikuomba.

Butembo: mashahidi wawili

Jumanne tuliingia Butembo mapema, tukaambiwa barabara ya Beni imefungwa na askari mpaka kesho. Mama nilimwacha kwa mjomba wa Kahindo, mimi nikapeleka pikipiki kwa kwado, yule fundi wa mipira anayeweka tairi kuukuu kando ya njia ili ajulikane. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mikono myeusi hadi viwiko.

Alibonyeza mpira wa nyuma mara moja tu. "Mwalimu, nani alikutilia upepo hii?"

"Mimi. Kilo mbili na nusu." Nikamwonyesha manometri yangu.

Aliichukua kwa heshima, akaibandika kwenye valvu: mbili na nusu. Kisha akatoa ya kwake, imefungwa kwa waya: tatu. Nikamwambia ya kwake ni mbovu. Hakukasirika. Alivuka barabara, akarudi na manometri ya kwado mwingine, mshindani wake, mtu ambaye hata salamu hawapeani vizuri. Tatu.

"Mashahidi wawili," akasema. "Ya kwako ilishaanguka siku moja?"

Ilikuwa imeanguka. Ilianguka siku shule ilipoporwa, niliikuta chini ya meza nikaifuta vumbi, nikashukuru Mungu kwamba imepona. Walimu, mimi ninayewaambia wanafunzi kila muhula kwamba chombo kinapimwa kabla hakijapima, sikukipima. Nilimtwanga mama wa watu kwa kilo tatu kutoka Kipese, na aliponiambia ukweli nikamnyamazisha mbele ya wapita njia.

Kwado alinikalisha juu ya pikipiki, akapanga nyuma yangu mfuko na mwanafunzi wake wa kazi mwenye uzito wa mama, kisha akalala kifudifudi akatazama jinsi mpira unavyokanyaga ardhi. Akatoa upepo kidogo. Akatazama. Akatoa tena.

"Kitabu iliandikwa kwa barabara ya lami," akasema akiwa bado chini. "Hapa kwetu, mawe inataka mupira ngumu kidogo, matope inataka laini. Kesho mbele ya Maboya utakuta matope. Utoe upepo, utapita. Lakini matope ikiisha, usimame, urudishe upepo kabla ya mawe ya Kabasha. Mupira laini kwa mawe, na muzigo, inateleza ndani ya rim, ile chuma ya gurudumu, inakata valvu. Umesikia?"

Nilisikia. Niliandika hata kwenye daftari.

Jioni kwa mjomba nilikula sombe na samaki peke yangu sebuleni. Kutoka jikoni nilisikia wanawake wakimwuliza mama habari za njia. Alisema njia ilikuwa nzuri. Hakusema kitu juu yangu, na hiyo iliniuma zaidi kuliko kama angenisengenya.

Maboya na Kabasha: hapa mupira ilicheza

Jumatano barabara ikafunguliwa. Nilimkuta mama ameshaketi juu ya pikipiki, kitunga mapajani, uso umegeuzwa. Nilipanga moyoni kumwambia kuku kitu. Nilianza, "Kuku..." halafu mjomba akatokea kutuaga, nikasema, "Kuku, tunaenda." Ndiyo hiyo tu.

Mpira wa kwado ulikuwa kama mtu amenibadilishia barabara. Mawe yapo, lakini hayafiki kwa meno. Na mbele ya Maboya matope yalikuwepo kama alivyosema, mekundu, ya kushika mguu mpaka kiatu kinabaki. Nilishuka, nikatoa upepo kwa kusikiliza tu, manometri nimeitupa chini ya mfuko. Tulipita. Watu wa baiskeli walikuwa wamekwama, sisi tulipita polepole kama mbuzi mwenye mimba, tukatokea ng'ambo. Nilijivuna peke yangu ndani ya kofia.

Ikabaki kusimama na kurudisha upepo. Pompi ilikuwa chini ya kamba, kamba chini ya mfuko, mfuko chini ya mikono ya mama. Na mvua ilikuwa inaanza. Nikasema bado kidogo. Tukifika ule mti. Tukifika ile kona. Mnanijua.

Kwenye mteremko wa Kabasha nyuma ilianza kuyumba. Nilidhani ni udongo. Ikayumba tena, tukasikia kitu kama mtu ametema mate kwa hasira, na gurudumu likakaa chini. Niliishikilia pikipiki kwa miguu yote miwili mpaka ikasimama kando ya mtaro. Mama hakuanguka. Kitunga hakikuanguka. Nilifungua mpira: valvu imekatwa kwenye shina. Mpira wa ndani wa namna hiyo kiraka hakiwezi kuusaidia, na mwingine sina.

Ilikuwa Jumatano alasiri. Kesho asubuhi wanaita majina.

Tulisukuma hadi kizuizi cha askari, chini ya mteremko. Mimi nasukuma, mama anatembea nyuma ameshika mfuko, akifuata sauti ya cheni. Kizuizini kulikuwa na ajida mmoja, mkuu wa askari wa pale, mtu wa mkoa wa Equateur, mrefu, ana redio ndogo shingoni. Aliiangalia pikipiki kama mtu anayeangalia nyama. Akaizunguka. Akapiga teke mpira wa nyuma, ukalala kama kitambaa.

"Ah, ndeko, ndugu yangu," akasema kwa huzuni ya kweli, "hii imekufa." Akarudi kwenye kiti chake. Pikipiki tatu zilizokuwa nzima, niliambiwa, zilikuwa zimechukuliwa pale asubuhi. Mimi niliketi chini nikashukuru valvu iliyokatika, na papo hapo nikakumbuka Alhamisi, nikaacha kushukuru.

Ajida alituangalia muda mrefu. "Huyu mama ni nani kwako? Mbona hamuongei?"

"Ni mama ya mke wangu."

Alisimama. Akazima redio. "Bokilo?" Huko kwao ndivyo wanavyomwita mkwe, na mimi nikaona uso wa askari ukigeuka uso wa mtu. "Bokilo, na umemubeba kwa pikipiki? Weye ni mutu wa hatari. Ya kwangu mimi, nikimuona tu mbali, napita ndani ya mto."

Mama akasema kitu kwa sauti ndogo, kwa kitunga. Ajida akainama. "Anaongea na nani?"

Nilimweleza. Ikabidi nimweleze yote, jicho, daktari, manometri, na lile neno nililomwambia kuku kwenye daraja. Sijui kwa nini nilimwambia mtu mwenye bunduki. Labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda akachuchumaa kando ya mama.

"Mama, nasikia. Unataka kusema nini kwa huyu?"

"Umwambie," akasema mama, "toka Maboya mupira ilikuwa inacheza. Niliisikia hapa, kwa mifupa ya kukalia. Lakini kuku aliambiwa anyamaze."

Ajida akanigeukia. "Umesikia?"

Nilisikia. Machozi yalinijaa, siwafichi. Nilimwambia ajida, amwambie mama, kwamba nimekosa. Kwamba kilo zilikuwa tatu na yeye alisema kweli toka jiwe la kwanza. Kwamba mwenye pikipiki alisoma lakini hakujua kusikiliza, na kuku aseme, aseme mpaka Beni, aseme hata usiku kucha, nitafuata. Ajida alichukua kila neno, akalipeleka hatua tatu, akalileta jibu. Askari wenzake walikuwa wameacha kucheza dama, wanatazama.

Mama akasema: "Kuku amesikia. Sasa aulize: hapa iko migomba?"

Migomba ilikuwepo mlima mzima. Mama aliagiza majani makavu, mafungu na mafungu, na kamba za mgomba. Nyinyi mnajua kazi yake ya zamani: miaka yote ya nguvu zake alifunga magunia ya vitunguu vya majani kwa ajili ya malori, na gunia lililofungwa vibaya linaozea njiani. Aliketi chini, mpira wa nje mapajani, akaanza kuujaza majani badala ya upepo. Alisokota, akashindilia kwa ngumi, akazunguka. Askari wawili walipewa kazi ya kusokota. Kila alipomaliza mzunguko alipitisha vidole juu ya mpira, polepole, macho yake yameelekea mahali pengine kabisa.

"Ajida, umwambie: hapa iko pungufu."

Mimi nabonyeza, sisikii tofauti. Naongeza majani. Anapitisha vidole.

"Hapa tena."

Jua lilipoanza kushuka mpira ulikuwa umejaa, umefungwa kwenye rim kwa vipande vya mpira kuukuu. Ajida aliuliza, kwa utani, ni kilo ngapi. Mama akasema, "Umwambie ni ya kutosha." Kisha wanawake wa pale walimchukua mama wakampa ugali na maharagwe na mahali pa kulala. Mimi nilipewa benchi na kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, na ajida akanisimulia habari za mama mkwe wake mpaka nikasinzia.

Kabasha hadi Beni: mwendo wa majani

Tuliondoka Alhamisi kabla mtu hajawasha moto. Pikipiki yenye majani ndani ya mpira haikimbii. Inanguruma na kupepesuka kama mlevi mwenye adabu. Lakini inaenda. Na kuku alisema njia nzima.

"Kuku, umwambie apunguze, kona hii majani inalia." Napunguza. "Kuku, umwambie hapa ni sawa, aongeze." Naongeza. Kadiri tulivyoshuka joto lilipanda, mimi nikavua koti, na harufu ya mgomba uliopikwa ikatufuata. Mara mbili tulisimama, mama akashuka, akapitisha vidole, akashindilia mahali, tukaendelea. Nilikuwa naangalia jua kuliko barabara. Nilihesabu kilomita, nikahesabu dakika, na hesabu ilikataa kila mara.

Tulipofika uani mwa hospitali wagonjwa walikuwa wamejaa hadi kwenye maua, wamefunikwa vitambaa machoni, na muuguzi alikuwa anafunga daftari. Mama aliposhuka niliacha pikipiki ikaanguka yenyewe.

"Tumefika," nikasema. "Kutoka Kipese."

"Majina yameisha. Wasioitika naita mara ya pili na ya mwisho, watano tu. Mugonjwa wako anaitwa nani?"

Na hapo nikasimama na mdomo wazi. Jina la mama mkwe wangu halijapita kinywani mwangu toka nilipooa. Yeye alikuwa nyuma yangu, hatua nne, ameshika kitunga cha kuku katikati ya watu, anasikia. Kulitamka pale, mbele yake, baada ya yale yote ya Jumatatu? Muuguzi alingoja, akanikunjia uso, akaanza kugeuka.

Nilinyang'anya kalamu kutoka mfukoni mwake, nikaandika jina kwenye kiganja changu, nikamwonyesha.

Aliangalia kiganja. Akaangalia nyuma yangu, mama aliyejifunika. Ni binti wa hapa hapa, alielewa, akang'ata mdomo asicheke. Kisha akalisoma jina mwenyewe, kwa sauti, na nyuma yangu mama akaitika: "Niko."

Niliketi kwenye maua ya hospitali, mtunza bustani akanifukuza.

Bungulu: moja tena

Walimpasua siku ile ile. Mimi nililala Bungulu kwa dada yake, sikula, ingawa walinipikia wali. Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda wote, mama akafunguliwe kitambaa. Nilisimama mlangoni, mbali, dada akaingia naye kitunga mkononi, maana mama alikuwa amekataa kabisa kuku achinjwe. Alisema ile kuku iko na kazi.

Daktari, mgeni kutoka mbali, alifungua kitambaa taratibu. Akainua vidole. "Ngapi?"

"Tatu," mama akasema. Akatazama kitungani. "Na kuku ni mwekundu. Sikujua ni mwekundu."

Dada alianza kulia. Mama aligeuza kichwa polepole, anaangalia dirisha, ukuta, kitanda, kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya safari. Macho yakafika mlangoni. Yakafika kwangu. Na mara moja alivuta kitenge kichwani, akanigeuzia mgongo.

Daktari alishtuka. "Nini? Mwanga unamuumiza? Haoni?"

Dada alikuwa anapiga vigelegele, wauguzi wanacheka, wagonjwa wa vitanda vingine wanapiga makofi na vitambaa vyao machoni. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza nikalia kama mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kunifurahisha namna ile kwa kunipa mgongo.

Baadaye alitoka barazani na dada yake. Pikipiki ilikuwa pale uani. Nilikuwa nimepata mpira mpya wa ndani, na majani ya Kabasha nimeyaacha kwenye shimo la taka kwa masikitiko kidogo. Mama alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo uso wake ulielekea pikipiki, na ilikuwa mara ya kwanza anaiona.

"Kuku," akasema, "hii ndiyo ilitubeba? Iko kadogo hivi?" Akaitazama sana. "Umwambie mwenye pikipiki ile mupira ya mbele iko chini."

Ya mbele sikuwa nimeigusa toka Kipese. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa chini. Nikatoa pompi, manometri nikaiacha ilipo, nikaanza kupiga. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Nikasimama, nikangoja.

"Kuku, umwambie moja tena."

Nikapiga moja tena.